Uzito wa Juu

Mwezi wa tatu kuta za Guangzhou hutoka jasho. Joto huja kutoka kusini likakuta kuta zimebeba baridi ya miezi mitatu, basi maji hutiririka sebuleni, chooni, hata ndani ya kabati la nguo, na shati ulilofua Jumatatu, Ijumaa bado linadondoka. Wenyeji wana jina lake, huinantian, na wakishalitaja wanaona wamemaliza maneno. Fathiya, mwaka wake wa pili mjini, alikwisha kuzoea kutandika magazeti sakafuni. Lakini asubuhi ile aliona kitu kipya: matone ya ukuta wa chumbani hayakushuka wima. Yalikwenda kushoto, kwa mshazari, kama mvua yenye upepo, na humo ndani hapakuwa na upepo.

Alidhani nyumba imeinama. Akaenda jikoni, matone wima. Sebuleni, wima. Ni ukuta wa upande anaolala mumewe tu ndio uliokwenda mrama.

"Dullah, njoo uone hapa."

Dullah akaja na povu la kunyolea kidevuni, akainamisha kichwa mlangoni kama kawaida yake, maana alikuwa mrefu kupita milango ya mji ule. Akautazama ukuta. "Fundi wake alikuwa na haraka ya kwenda kula," akasema. Kisha akalalia kushoto kidogo, kama mtu anayetega sikio, akabaki hapo. Halafu akarudi, taratibu, akatabasamu na kwenda kumalizia ndevu.

Mke mwingine asingeona kitu. Fathiya alikuwa mhandisi wa meli, na kazi yake ilikuwa kupima chombo kikilala upande kinachukua muda gani kusimama tena. Bila kukusudia alikuwa amehesabu. Sekunde nne.

Tumweleze vizuri huyu Fathiya. Alikuwa mtu wa Tanga, mwalimu wa chuo cha mabaharia Dar es Salaam, amekuja China kwa ufadhili kusomea ubunifu wa meli. Dullah alimfuata, akajipatia kazi ya kuwazungusha wanunuzi wa Kongo na wa nyumbani kwenye maduka ya jumla ya Yide Lu, midoli na madaftari. Mada ya tasnifu ya Fathiya iliwachekesha wenzake maabara: meli ndogo za kusindikiza za Waingereza, zilizojengwa kati ya vita viwili vikuu. Nani anashughulika na vyuma vya babu? Lakini profesa wake aliipenda, maana alisema hakuna somo rahisi kama meli iliyoharibiwa na watu wenye nia njema.

Na kweli ziliharibiwa kwa nia njema. Meli aliyoichagua, Ambleford, ilibuniwa kwa ajili ya amani: mizinga miwili, vyombo vya kufagia mabomu ya baharini huko tezini, nyuma ya meli, na maturubai mapana ya kivuli, kwa kuwa ilipelekwa kwenye joto la Aden na Ghuba. Vita vilipokuja kila mtu akaionea huruma na kuiongezea kitu. Vyombo vya kufagia vikaondolewa, yakaja mabomu ya kina ya kuwinda nyambizi, arobaini, kisha tisini. Ndege za adui zikaongezeka, ikapandishwa mizinga ya kudungulia ndege. Halafu rada, na chumba chake juu kabisa, nyuma ya daraja la nahodha. Kila kilichoongezwa kilikaa juu. Na kila baada ya matengenezo mkaguzi aliandika neno lile lile: inavumilika.

Mabaharia wenyewe walifurahi. Meli yenye uzito chini huyumba kwa haraka, inamrusha mtu kitandani. Meli yenye uzito juu hulala upande kwa upole, inapumzika hapo, kisha inarudi pole pole. Aliyepanda huona raha. Mhandisi akiona upole huo hutokwa na jasho. Ambleford ililala kwa upole asubuhi moja ya mwaka wa mwisho wa vita, karibu na Socotra, na haikurudi. Chini, kwenye chumba cha boila, walikuwemo wachochea moto kumi na mmoja, watu wa pwani yetu, walioandikwa kwenye orodha kwa jina moja moja: Feruzi, Songoro, Mabruki, na wengine. Baadaye meli iliibuliwa na kuuzwa vipande vipande mashariki.

Ndipo Dullah, mwezi wa pili, akipita kwenye soko la vitu vya kale, akaona sahani ya shaba yenye mshale unaoning'inia na alama za nyuzi zilizochongwa pembeni. Kilikuwa kipimo cha kuonyesha meli imelala kiasi gani. Nyuma yake palichongwa AMBLEFORD. Mwanamume aliyekuwa akisikia jina hilo kila siku mezani angefanyaje? Alikinunua, akakifunga kwa karatasi ya zawadi yenye picha za panda, akampa mkewe.

Fathiya alikiweka maabara, kando ya mfano wa meli aliokuwa anautengeneza.

Sasa, vyuo vya China vina desturi moja. Saa sita na nusu mchana taa huzimwa, mapazia huvutwa, na watu wazima na akili zao hulala, wengine juu ya meza, wengine kwenye vitanda vya kukunja. Sisi pwani tunakatazana kulala jua likiwa utosini, tunasema hiyo ni saa ya wenyewe, wasioonekana. Fathiya naye alikuwa na mazoea ya kukaa macho, lakini siku moja uchovu ulimshinda, akaegemeza paji la uso mikononi. Pakawa kimya, pumzi za watu thelathini tu. Kisha akasikia chuma kikigongwa, mara tatu, kwa mbali, na sauti ya mwanamume aliyechoka sana.

"Hodi."

"Karibu," akajibu Fathiya.

Usimcheke. Mswahili hata akiwa na homa, hata akiwa kwenye usingizi wa nusu kaputi, ukimpigia hodi atakukaribisha. Ulimi unajibu kabla kichwa hakijaulizwa. Ni adabu, na safari hii ilikuwa ndiyo kosa. Aliinua uso. Mlango ulikuwa umefungwa. Jirani yake Liang alikuwa amelala na koti usoni. Mezani, mahali palipo sawa kabisa, mshale wa shaba ulikuwa umelalia kushoto na kubaki hapo, na ukachukua muda mrefu kurudi katikati. Chumba kilinuka mafuta mazito yaliyoungua, na ndani ya harufu hiyo palikuwa na nyingine ya nywele zilizobabuka.

Akajiambia ameota. Jioni akakitia kipimo mkobani akipeleke nyumbani akasugue kutu. Siku tatu baadaye ukuta ukaanza kwenda kushoto.

Kufikia mwisho wa wiki, sekunde zilikuwa saba. Dullah hakuumwa popote. Yeye mwenyewe alisema hajapata kujisikia vizuri hivyo.

"Miguu myepesi," alimwambia mkewe, amesimama dirishani. "Kama nimepumzika mwezi mzima."

Fathiya alimpandisha kwenye mizani. Kilo themanini na moja, zile zile. Akapata nafuu, kisha akaelewa, na nafuu ikamtoka. Hakuna kilichoongezeka kwa Dullah. Uzito wake ulikuwa umehama mahali. Alimwaga unga wa ngano jikoni na kumwomba apite. Nyayo hazikuacha hata alama. Alipojilaza alasiri, kichwa na mabega vilizama kwenye godoro hadi chaga zikalia, na nyayo zake mbili zikainuka zenyewe, taratibu, zikakaa hewani kimo cha kiganja, na yeye amelala fofofo na anatabasamu, na chumba kizima kimejaa harufu ya mafuta na nywele.

Alikitupa kipimo mtoni siku hiyo hiyo, kutoka kwenye kivuko. Haikusaidia. Mgeni akishaingia ndani, ukitupa viatu vyake hujamtoa yeye.

Akamsomea Ayatul Kursi asubuhi na jioni. Wakati wa kisomo sekunde zilipungua, na akinyamaza zilirudi. Basi akafanya kile walichofanya mafundi wa Ambleford walipoingiwa na hofu: akatia farumi. Mafundi wale walipanga vyuma chini ya tumbo la meli kuivuta ikae. Fathiya alinunua mikanda ya wazamiaji yenye vipande vizito vya madini ya risasi, akamfunga mumewe vifundoni, akamdanganya kuwa ni mazoezi ya mgongo. Siku mbili Dullah alitembea wima, sekunde nne, tatu, na Fathiya alilia kwa furaha bafuni akiwa amefungulia maji.

Siku ya tatu Dullah aliletwa nyumbani na mnunuzi wake, Mkongo mmoja mtaratibu aitwaye Floribert, wa Lubumbashi. Floribert hakutaka kuingia. Alisemea mlangoni, kwa sauti ya chini.

"Madame, tulikuwa kwa laoban, mwenye duka la madaftari, Yide Lu. Bwana yako akainama hivi. Akabakia. Watu wote wakaanza kumuangalia, na yeye anacheka tu, kama mutu mwenye kusikia musiki. Nikamuvuta mukono. Ni muzito huku juu, Madame, huku juu kabisa, mais chini hakuna kitu. Mimi ni mukristo, nitakuombea, lakini kesho sitakuja na yeye."

Mshahara wa farumi ndio huo. Jeshi la Uingereza lilipoona meli imetulia kwa vile vyuma vya chini, lilisema vizuri, sasa kuna nafasi ya mzinga mwingine. Aliyemkalia Dullah naye alipoona kuna uzito chini, alipanda juu zaidi. Sekunde kumi na moja. Fathiya alichora mstari kwenye karatasi kama alivyoichorea Ambleford, siku kwa siku, akaufuata kwa rula mpaka pale ambapo chombo hakirudi. Mstari uliishia Alhamisi. Na siku aliyouchora ilikuwa Jumatatu. Alikaa sakafuni juu ya magazeti mabichi, akamwogopa Mungu na kumlaumu kwa pumzi moja.

Jumanne asubuhi alimpeleka Dullah kwa Bi Chausiku.

Bi Chausiku alikuwa msusi pale mtaa wa Xiaobei, ghorofa ya nne, mama wa makamo kutoka Pangani, aliyesuka vichwa vya nusu ya Waafrika wa mji ule na kusema vibaya nusu iliyobaki. Wachache walijua kwamba bibi yake alikuwa fundi wa pepo, na kwamba mjukuu hakutoka mikono mitupu. Alimtazama Dullah akiingia, akafunga mlango na kugeuza kibao cha dukani. Ubani ulikuwepo, wa duka la dawa za Kichina. Kitu kilichomsumbua ni king'ora cha moshi darini. Akapanda stuli, akakivisha kofia ya plastiki ya kuogea.

"Nikitozwa faini utalipa wewe, mwanangu," akasema. Halafu akashusha sauti. "Alipigaje hodi?"

Fathiya alimweleza. Bi Chausiku alikunja uso.

"Ukamkaribisha."

"Nilikuwa usingizini, mama."

"Kwetu hodi ni tatu. Ukinyamaza, mgeni anarudi alikotoka. Wewe ulikosa hata moja ya kunyamaza?" Aliona macho ya Fathiya, akaacha. "Haya. Mshike mumeo mkono. Akipiga hodi tena, ung'ate ulimi."

Ubani ukawaka kwenye chetezo. Moshi ulipanda, ukafika usawa wa mabega ya Dullah, ukapinda kushoto, nje jua linapiga kwenye pazia na watu wanauza viazi vya kuchoma chini barabarani, na Dullah, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha kusukia na kitambaa cha nailoni shingoni, akaanza kulala upande, taratibu, bila kukunja kiuno, kiti na vyote, miguu miwili ya kiti ikainuka kutoka sakafuni, na hakuanguka, alibaki hapo ameegemea hewa, na Fathiya akihesabu moyoni, tisa, kumi, kumi na moja, kumi na mbili, na ndani ya kifua cha mumewe pakaanza kugongwa, ngo, ngo, ngo, sauti ya chuma kizito kinachogongwa na watu wengi waliofungiwa upande wa pili.

"Hodi," akasema Dullah kwa sauti ile iliyochoka.

Bi Chausiku akamziba Fathiya mdomo kwa kiganja. "U nani wewe? Taja jina, utake kiti chako kwa adabu."

Fathiya akakitoa kile kiganja. Machozi yalikuwa yakimtoka, na kwa kweli alikuwa anamwonea huruma huyo mgeni. "Ni Feruzi?" akauliza. "Songoro? Mabruki? Najua mlifungiwa. Nimewasomea hitima wote kumi na mmoja. Nendeni mkapumzike, baba zangu, niachieni mume wangu."

Dullah akacheka. Kicheko kilikuwa cha upole sana.

"Hao walikuwa ndani," ikasema ile sauti, na sasa haikuwa imechoka hata kidogo. "Waligonga mlango wa chuma na kupiga hodi hadi maji yalipowafika. Mimi nilikuwa nje. Niliukalia. Ndipo nilipojifunza hilo neno."

Bi Chausiku alirudi nyuma hatua moja. Fathiya alihisi mkono wa mumewe umekuwa baridi.

"Walinijengea wenye meli," ikaendelea. "Mwaka hadi mwaka, kiti kirefu kuliko cha jana. Nami sikuwanyima raha. Muulize huyu kama ana maumivu."

Kiti kikarudi. Fathiya alikuwa amepoteza hesabu. Dullah akafumbua macho, akauliza kama kuna chai, akasinzia tena.

Bi Chausiku alimvuta Fathiya pembeni, kwenye ndoo za mafuta ya nywele. "Sikiliza. Jini la kutumwa ningelitoa. La kuokota njiani ningelitoa. Huyu amekaribishwa kwa kinywa cha mwenye nyumba. Aliyekaribishwa hafukuzwi, mwanangu, anahamishwa tu. Na anahama akipewa kiti, yaani mwili wa kukalia, kinachompendeza zaidi. Tumtafutie mbuzi, tumtafutie..."

"Mbuzi ana miguu minne," alisema Fathiya. "Mbuzi hapinduki. Atakataa."

"Sasa?"

Fathiya alikuwa amejitazama kwenye kioo kirefu cha saluni. Alikuwa mfupi, mpana wa nyonga, na mapaja yake yalikuwa yamefuta mengi ya mashairi aliyotaka kuandikiwa ujanani. Kwa mara ya kwanza maishani aliutazama mwili wake kama mhandisi. Kitovu cha uzito kilikuwa chini. Msingi mpana. Alichukua kalamu ya Bi Chausiku ya kuandikia miadi, akapiga hesabu nyuma ya tangazo la mawigi, kwa kasi ambayo mgeni angeweza kupanda kwenye mwili mfupi na mpana. Akairudia mara mbili, maana alikuwa mwangalifu. Kisha akaenda kupiga magoti mbele ya mumewe.

"Wewe," akasema kwa kunong'ona. "Huyu ni mrefu. Alhamisi atapinduka, na utarudi kukaa kwenye shaba kungoja mjinga mwingine. Ulingoja miaka mingapi? Themanini?"

Moshi ulikuwa unasikiliza, kama moshi unaweza.

"Mimi nitakubeba miaka tisa. Kumi nikijichunga."

"Fathiya," akasema Bi Chausiku.

"Najua nisichotakiwa kufanya. Sipandi ngazi ndefu, sibebi kitu kichwani, sikimbii. Naijua kazi hii kuliko nahodha yeyote aliyekubeba. Hao hawakujua kama wamekubeba. Mimi najua. Mwache Dullah, ukae kwangu."

Kofia ya plastiki ya darini ikapumua. Halafu mikono ya Dullah ikawa moto. Visigino vyake vikagonga sakafu kwa kishindo kilichofanya kabati la rangi za nywele litetemeke, uzito wake wote umemshukia mahali pake kwa mara moja. Fathiya hakuhisi kukabwa wala kuungua, na kama angeulizwa angesema alihisi raha. Miguu yake ikawa myepesi.

"Usimwambie," alimwambia Bi Chausiku, akijishika kwenye meza.

"Nitamwambia nini? Nitaanzia wapi?" Bi Chausiku alikuwa amekaa chini, kanga imemfunika mdomo.

Dullah alipona kwa namna iliyomkera kidogo. Alikuwa ameuzoea ule wepesi. Sasa alilalamika magoti. Kuta zilikauka mwezi wa nne ulipoingia. Floribert alirudi, akaleta wenzake, na msimu wa maonyesho ya biashara ya Pazhou Dullah aliwatembeza kumbi zote akawachosha. Fathiya alimaliza sura ya tatu ya tasnifu yake. Profesa alisifu ilivyoandikwa, akasema mtu angedhani mwandishi aliwahi kupanda meli hiyo. Maabara walizoea kumwona akitembea karibu na ukuta, na Liang alidhani ni miwani mipya.

Ijumaa moja Dullah alirudi kutoka msikitini na wali wa kondoo kwenye makopo, wakala pamoja mchana, dirisha wazi. Alikuwa mchangamfu. Alipomaliza alinawa, akaja kumpigia mkewe magoti, akaweka kichwa chake mapajani mwake kama mtoto.

"Nimefikiri sana tangu siku ile Floribert aliponileta nyumbani," akasema. "Watu walinitazama kama anayekufa, nikaona sijaacha mtu. Fathiya, tuzae. Tusingoje tena shahada. Mwaka huu huu."

Fathiya alimshika nywele. Alimpenda kiasi cha kuumia, na alitaka kusema ndiyo kabla hajamaliza sentensi. Akaufungua mdomo, akaufunga. Dullah alidhani amezidiwa na furaha, akamkumbatia kiuno.

Juu ya kichwa chake, macho ya mkewe yalikuwa ukutani, na midomo ikitembea bila sauti. Mtoto, kilo tatu na nusu, maji na kondo, jumla sita au saba. Miezi ya kwanza atakaa chini, atakuwa farumi. Lakini mwezi wa nane? Mwezi wa tisa atafika mbavuni. Akaanza upya, akipima kwa kiganja kutoka nyongani kwenda juu, atafute mtoto atakaa upande gani wa ule mstari ambao chombo kikiuvuka hakirudi.